Dakika Ishirini na Mbili za Mama

Kutoka Maskati hadi Mumbai ni kilomita elfu moja na mia tano na ushei, zile zile za zamani. Ila ndege siku hizi inafika kwa dakika kumi na moja, na sheria ya kazi inatoa ruhusa ya kukaa na mgonjwa au msibani sawasawa na muda wa safari, kwenda na kurudi. Zamani nilikuwa napata saa tano nzima na mama, aliyelazwa hospitalini Mumbai. Sasa dakika ishirini na mbili.

"Unafika upesi, Zuwena, unalalamika nini?" bosi aliniuliza.

Mama alikataa kusukwa na nesi. Kila Ijumaa nilimsuka mistari miwili, mbiombio.

"Hata kitako hujakaa," alinung'unika mara ya mwisho, nusu ya kichwa ikiwa bado timtim.

"Ijumaa ijayo namaliza, mama."

Alifariki Jumatano. Nilipofika, waoshaji walikuwa wananingoja mimi, kwani kwetu binti ndiye anayefumua nywele za mama yake kabla hajaoshwa. Nilifumua mistari yote ya wiki tatu, mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza dakika zilinitosha, na nyingine zikabaki.