Malazi ya Mposaji

Prabhavati alinusa mto, akakunja uso. "Ptuu! Sabuni gani hii?"

Bi Kanze alibaki mdomo wazi. Nyumba yake ya wageni ndiyo iliyosifika Malindi nzima. Hata Wazungu wa mashamba ya mpira wakilala humo. Shuka nyeupe pe, godoro jipya la sufi, maji ya mtungini yamefukizwa ubani.

"Dada, hapa pana kasoro gani?"

"Niache. Roho yangu haipataki."

Hakuwa akijitafutia yeye. Tajiri Mansukh alikuwa njiani kutoka Mombasa, aje kupunga upepo na kumtazama Lilavati, bintiye Prabhavati. Mposaji halali chini ya paa la mchumba, kwa hiyo sharti atafutiwe malazi. Asubuhi ile Rasik, mumewe, alimsihi sana.

"Chagua vizuri, mke wangu. Yule bwana ana kinyaa. Kilifi aligeuza safari kwa unywele mmoja kwenye chai, posa ikafia papo hapo. Sisi yasitufike."

Ikabaki nyumba ya Fakhruddin, nyuma ya soko la samaki. Lo, uchafu gani ule! Harufu ya papa mkavu ilimpokea mlangoni, naye hata yai hajapata kulionja maishani. Mtungini mlielea mende. Alipoinua godoro kwa ncha ya mwavuli, kunguni wakatawanyika ukutani. Alikimbilia dirishani, akatapika.

"Astaghfirullah! Niwie radhi, mama," Fakhruddin alisema, aibu imemjaa. "Nipe mpaka kesho. Nitapaosha, na godoro nitalichoma moto."

Prabhavati alijifuta mdomo kwa upindo wa sari. Akakitazama tena kitanda kile, mwili ukamsisimka kwa kinyaa.

"Usiguse kitu," alisema. "Mgeni wetu atalala hapa. Na chai yake mpikie kwa maji ya mtungi huu huu."

Nyumbani, Rasik alikuwa kasimama mlangoni, hana raha.

"Umepata?"

"Nimepata. Tena panamfaa."

Akampita, akaenda zake uani. Mchumba alikuwa amechuchumaa mchangani, anacheza mdako peke yake. Alipomwona mama yake aliruka, akamkimbilia na kufumbua kiganja.

"Mama, tazama! Jino limeng'oka!"