Ruhusa ya Kuua Tumbili

Kila asubuhi, kabla hajakoroga uji, Wangeci alisimama ukingoni mwa mahindi yake akapiga debe. Tumbili walikwisha lizoea. Walimtazama kutoka kwenye miti ya miwati ya shemeji yake, wakingoja achoke.

Asubuhi hiyo hakufika pigo la tatu. Mlio mkubwa ulipasuka ng'ambo ya ua wa mpaka, na tumbili mmoja akaanguka kutoka mtini kama nguo iliyochopoka kwenye kamba.

Mtu mwembamba mwenye kofia ya Kiswahili alitokea kati ya miti, bunduki begani. Alisema jina lake ni Hemed, karani wa duka la vitambaa mjini, na siku za mapumziko hupenda kupiga wanyama waharibifu. Mzee Zachariah ndiye aliyemwalika. Hemed alisimama pale pale kwenye ua. Mguu wake haukuvuka.

“Bunduki yangu ina adabu, mama,” alisema. “Haiingii kwa mtu bila hodi. Mwenye shamba hili ni nani?”

Wangeci alifungua mdomo kujibu, lakini Zachariah alikuwa amekwisha fika. Alimshika mkono kwa upole akamvuta kando.

Zachariah alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Tangu mazishi walikuwa wakisalimiana tu. Wala hakuwa na mahindi. Upande wake wote ulikuwa miwati na nyasi za ng'ombe, na tumbili hawakuwa wamemkosesha hata shina moja. Kwa hiyo Wangeci alishangaa kusikia jinsi alivyokuwa amemfikiria.

Bunduki ni jambo la serikali, Zachariah alimweleza. Risasi ikipotea ikampata mtoto wa watu, polisi humtafuta aliyetoa ruhusa. Mjane mwenye watoto wadogo atafanya nini jela? Mzigo huo afadhali aubebe yeye. Wangeci aje tu Jumapili, baada ya kanisa, amwombe ruhusa mbele ya wazee, naye ataitoa. Likitokea la kutokea, atashikwa yeye.

Wangeci alilia. Tangu mumewe afe hakuna aliyejitolea kumbebea hata mzigo wa kuni. Na shamba hilo ndilo lililokuwa chakula cha watoto, ndilo karo, ndilo paa. Baba mkwe alimwonyesha mumewe kipande hicho kwa mdomo, kutoka barabarani hadi mtoni, wazee wakisikiliza. Karatasi haikuwapo. Siku zile, kwao Kinoo, neno lililosemwa mbele ya wazee lilitosha.

Jumapili alikuta chai na mkate, na wazee watatu kwenye viti vya Zachariah. Alimgeukia Zachariah, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

“Baba Kinyanjui, naomba ruhusa tumbili wapigwe katika shamba.”

Zachariah aliweka kikombe chini. Alimwomba arudie kwa nguvu kidogo, maana Mzee Ephantus siku hizi hasikii vizuri. Ephantus alijibu kwamba masikio yake ni mazima, ila mkate ndio unaompigia kelele mdomoni. Watu walicheka. Wangeci naye alicheka, akarudia kwa sauti.

“Shamba lote?” aliuliza Zachariah. “Kutoka barabarani hadi mtoni?”

“Lote.”

“Nimekuruhusu,” alisema, akiwatazama wazee mmoja mmoja.

Jumamosi Hemed alikuja na pikipiki yake, akavuka ua bila wasiwasi. Hadi adhuhuri tumbili walikuwa wametapakaa kati ya mistari ya mahindi. Mmoja alikufa na mtoto kifuani. Mtoto hakuelewa, aliendelea kunyonya, akimvuta mama yake manyoya ili waondoke. Hemed aliishusha bunduki. Wangeci alisema yule angeweza kuachwa, hata amlee yeye mwenyewe nyumbani.

Zachariah, aliyekuja kutazama, alitikisa kichwa.

“Huyo naye,” alisema. “Asije akakua akidhani hapa ni kwao.”

Wangeci aliziba masikio, lakini aliusikia mlio.

Baada ya hapo shamba lilitulia. Debe alilitoboa matundu, akaotesha vitunguu ndani yake. Mahindi yalibeba mawili mawili kila shina, na binti yake Wanjugu alikuwa akilala asubuhi bila kuamshwa na kelele. Mara kwa mara Wangeci alimkumbuka yule mtoto wa tumbili, kisha akaona haya kwa kukosa shukrani.

Siku ya kuvuna alianza alfajiri. Mahindi ya kwanza, yale makubwa kabisa, aliyapanga kikapuni kwa ajili ya Zachariah. Alipoinua uso alimwona akija katikati ya shamba pamoja na wale wazee watatu, akafurahi kwamba hatahitaji kumpelekea.

“Weka kikapu chini, Mama Wanjugu,” alisema Zachariah.

Alijibu kwa tabasamu kwamba ni chake hicho, alikuwa anamletea. Hakuna aliyetabasamu. Alimgeukia Mzee Ephantus, ambaye alikuwa akichora udongo kwa ncha ya fimbo.

“Tulikusikia, mwanangu,” alisema Ephantus bila kuinua macho. “Uliomba, na kwa sauti. Nani huomba ruhusa ya shamba lake mwenyewe?”

Wangeci aliwakumbusha siku ile baba mkwe alipoonyesha mpaka. Walikuwapo, wote watatu. Fimbo ya Ephantus iliendelea kuchora.

Zachariah alikitoa kikapu mkononi mwake, kwa upole ule ule.

“Tumbili walikuwa wakila mahindi tu,” alisema. “Wewe ulikuwa unakula shamba.”