Ofisi Juu ya Maji

Mwaka kisima kilipokauka, Pimbi aliteuliwa kuwa mtendaji wa kata. Alikuwa mdogo wa umbo na wa sauti, naye alimrithi Nyati, aliyeongoza kwa kufoka. Wanyama walikuwa wamechoka kukemewa, hata Pimbi alipoitisha mkutano hakutokea mmoja.

Basi akazunguka mwenyewe, shimo kwa shimo, akiuliza, "Ndugu yangu, wewe ungefanyaje?"

Wengi walimcheka. Mhanga, mchimbaji asiye na maneno mengi, alifikiri kwanza. "Maji yapo," akasema. "Yanapita chini ya ofisi yako. Nikilaza sikio pale nayasikia."

"Mbona hukumwambia Nyati?"

"Hakuniuliza."

Kuyafikia maji kulitaka ofisi ibomolewe. Moyo ulimwuma Pimbi, maana katika ukoo wao hakuna aliyewahi kupata hata kibanda cha ofisi. Kama Mhanga amekosea, Pimbi angebaki bila maji na bila kiti.

"Bomoa," akasema. "Mimi nitazoa udongo."

Nguchiro, karani wake, akashika kichwa. "Mheshimiwa, bila ofisi nani atakutii?"

Walianza wawili. Kesho yake walikuwa kumi. Siku ya nne maji yakabubujika.

Pimbi akaketi juu ya jiwe lililolowa maji, hana mlango wala meza. Alidhani wanyama wakishakata kiu watakwenda zao. Wakanywa, lakini hawakuondoka. Ngiri, aliyemcheka kuliko wote, akamsogelea taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nami nina wazo. Utanisikiliza?"