Betri Haitiwi Mfukoni Ikiwa Moto

Teke la tatu lilimwingia mbavuni, na bado Kidevu hakuiachia kamera. Alikuwa amejikunja juu yake kwenye sakafu ya ukumbi kama kuku anayeatamia, huku mjomba wa bibi harusi, mwenye bucha, mtu wa kubeba paja la ng'ombe kwa mkono mmoja, akimtwanga.

"Futa hiyo picha," mjomba alisema.

"Sifuti." Damu ilikuwa imeshafika kwenye kola. "Umetoka vizuri, wewe na yule mpambaji wa ukumbi. Mpaka pete inaonekana."

Habari ya mjomba na mpambaji mtaa mzima uliijua, isipokuwa mke wa mjomba. Sasa naye aliijua. Alinyanyuka na chupa ya soda, akampasulia mumewe begani, wala mjomba hakugeuka.

Jina la Kidevu alipewa na wateja, kwa sababu hajawahi kupiga picha bila kusema inua kidevu. Na kama kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko videvu vya watu, ni betri zake. Zilikuwa tano, zote za kamera ileile, kila moja ameiandikia namba kwa kalamu nzito. Zile za bei poa za kando ya barabara hakuzigusa. Alisema zinavimba kama chura. Taa ya chaja ikigeuka kijani tu, anachomoa. Tena haitii betri mfukoni ikiwa moto. Kwanza anailaza dirishani ipumzike, kaifunika kwa leso. Mkewe alisema yeye mwenyewe hajawahi kufunikwa hivyo, hata akiwa na homa.

Mchana ule, baba wa bibi harusi aliweka beseni mlangoni, kila mgeni akatumbukiza simu yake. Alitaka watu waitazame harusi kwa macho. Kamera ilikuwa moja tu.

Kaka za bibi harusi walikuwa watano, wachukuzi wa magunia sokoni, shingo zao pana kuliko vichwa. Mkubwa wao alimshika Kidevu bega kwa upole.

"Simu zote ziko kwenye beseni, kaka. Picha zikikosekana, tunavunja miguu yote miwili."

Wakacheka wote. Kidevu akacheka mwisho. Dereva aliyechelewesha harusi ya huyo mkubwa mpaka leo anachechemea.

Basi kazi ikaanza. Bibi harusi anaingia, flashi inawaka. Pete, inawaka. Keki, inawaka. Ilikuwa flashi kubwa ya kuvalishwa juu ya kamera, yenye betri zake nne ndogo za peke yake, na kidole cha Kidevu hakikubanduka kwenye kitufe chake. Shangazi wa bwana harusi alimwomba amwonyeshe japo picha moja. Kidevu akafunika kioo cha kamera kwa kiganja.

"Kioo ndicho kinachokula betri, shangazi. Nikikuonyesha, tutakosa keki."

Shangazi akawaambia wenzake kwamba huyu sasa ndiye fundi.

Akapita meza kwa meza, akiwanyoosha watu kola na kuwanong'oneza masikioni, kwa sababu mteja akifokewa anatoka kanuna. Alimnyoosha bwana harusi, akamnyoosha babu, akafika kwa mjomba. Hata meza iliyofuata hakuifikia. Mjomba alisukuma sahani, akasimama, na ngumi ya kwanza ikampata Kidevu kisogoni.

Sasa, pale sakafuni, mjomba alimkanyaga mkono mpaka vidole vikafunguka. Akainyakua kamera. Aliibamiza kwenye ukingo wa jukwaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lenzi ikabingirika chini ya meza, flashi ikaning'inia kama jino bovu. Memori kadi iliporuka nje, akaisaga kwa kisigino, akayaokota mabaki, akaenda kuyatupa kwenye mkaa wa wapishi.

Bibi harusi aliketi chini, gauni na yote.

Hapo wale watano walikuwa wameshaziruka meza. Mjomba asiwe mjomba. Wa kwanza alimvunjia kiti mgongoni, wa pili na wa tatu wakamshika, na mkubwa wao akampiga kichwa. Mjomba aliacha meno mawili kwenye keki.

Kisha yule mkubwa alimnyanyua Kidevu mikononi kama mtoto mchanga, machozi yakimtiririka.

"Umekubali kufa kwa ajili ya picha zetu, kaka. Atakayekugusa tena aanze na sisi."

Wakampeleka zahanati kwa miguu, wakipokezana. Muuguzi alimshona nyusi nyuzi saba, akamfunga mbavu, akamwambia asicheke wiki mbili. Wale watano wakajaa kwenye korido, wakikataa kurudi harusini.

Mkewe alifika akihema. Aliwapenya, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akatoa leso kwenye mkoba, akaifungua juu ya shuka. Betri nne, baridi kama kokoto, kila moja na namba yake.

"Baba watoto, hizi umeziacha dirishani," alisema. "Na ile ya tano ulishinda nayo kwenye mahafali juzi. Imekufikisha wapi?"

"Getini. Bibi harusi alikuwa hajashuka kwenye gari."

Mkewe aliliangalia lile jicho lililofumba, akaziangalia bandeji.

"Na mjomba, nani alimwambia umempiga picha?"

Kidevu alisikiliza kwanza vishindo vya viatu kwenye korido.

"Mimi," alinong'ona. "Mjomba ni mmoja, mama watoto. Wale ni watano."