Muhuri wa Mashine ya Kura

Wagonjwa wa figo mtaani kwetu hupata kitanda cha kusafishwa damu kwa kura ya mashine. Mimi ndiye niliyeipigia muhuri kwamba haipendelei mtu. Nilipima namba zake milioni moja, sikuona mpangilio wowote. Kuifungua ndani tumekatazwa.

Mume wangu, Msellem, amekosa mara sita mfululizo. Miguu imemvimba, hata ndala hazimwingii.

Leo, saa nzima kabla ya kura, nilimkuta jirani yetu Bi Zuhra, dada yake diwani, naye mgonjwa wa figo, akisubiri teksi na mkoba wa hospitali.

"Kura bado, dada," nikamwambia.

"Najua," akajibu, akafunga zipu ya mkoba.

Nikarudi ndani. Msellem alikuwa ameikodolea macho simu.

"Leo nitapata tu," alisema. "Si umeipima mwenyewe, mama Nasra?"