Salamu za Mariana

Habari hii aliniletea mkwe wangu Yustina, mwaka huu, tukiwa tunapukuchua mahindi. Yeye hushona kwa cherehani kwenye baraza ya duka la vitenge la Mwamvita, pale Mpanda mjini. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine Mwamvita mwenyewe alimsimulia.

Simu ya mzee Malale haikuwa na laini. Ilikuwa simu kubwa ya kupangusa, aliyoachiwa na binti yake Mariana siku anaondoka kwenda Aljeria kusomea udaktari, na laini ilishafungwa zamani. Bila waifai ya Mwamvita, simu ile ilikuwa kioo cha kujitazamia tu.

Siku ya kwanza alikuja na baiskeli kutoka huko nyuma ya Mwamkulu anakochunga ng'ombe. Akasimama nje ya duka, akapiga hodi kama anaingia nyumbani kwa mtu.

"Mayu," alisema, maana Wasukuma ndivyo wanavyomwita mama, hata awe na umri wa binti yao, "nasikia una mtandao humu ndani. Naomba nichote kidogo, nimwone mtoto."

Mwamvita alicheka. Vijana wa mtaa ule hawakuwa na habari ya kuomba. Walibahatisha neno la siri mpaka likakubali. Akaipokea simu, akaliingiza neno kwa mkono wake, na mara uso wa Mariana ukatokea, kavaa koti jeupe. Mzee akamgeuzia Mwamvita kioo.

"Msalimie mama yako wa mjini."

Toka hapo simu ikawa inajua njia. Ikifika barazani tu, inashika yenyewe. Na mzee hakuja mikono mitupu. Kibuyu cha maziwa mgando kilining'inia kwenye usukani.

Mvua zilipokolea, akapotea. Aliporudi, Mohamedi wa duka la viatu hakumwacha hata apumue.

"Mzee Malale, leo kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Umepaka mafuta gani?"

"Joto, mwanangu. Ukizeeka, hata nywele zinakuwa mzigo."

"Tulidhani umetuhama, baba," Mwamvita alisema. "Mariana hajambo?"

Mzee aliitazama simu kidogo. "Yupo. Ngoja niongee naye."

Siku hizo hakugeuza tena kioo. Aliiweka simu sikioni, akasema mwanga wake unamuumiza macho. Alimpa Mariana habari za ndama, na za mto uliojaa, na za jirani aliyeoa mke wa tatu hali nyumba inavuja. Alicheka taratibu. Akimaliza humgeukia Mwamvita.

"Anakusalimia."

"Mwambie nimeitikia."

Mwamvita alizizoea salamu zile. Mwanawe Bushra yuko Dar, na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Basi kuna wakati alikuwa anapunguza redio ya dukani, amsikilize mzee akiongea na mtoto.

Ndipo Nestori, fundi wa mitandao, akaja na maneno yake.

"Mama Bushra, mtaa wa pili kuna mama kaitwa polisi kujieleza. Mtu asiyemjua katapeli watu kupitia waifai yake. Tubadilishe neno la siri. Tena usilitangaze wala usilibandike ukutani. Nitakufungulia njia ya pili, ya wageni, isiyoingiliana na ya duka, na kila mgeni unamwingizia neno kwa mkono wako."

"Na mzee Malale?"

"Atakatika kama wengine, mpaka umpe jipya."

"Usiniambie kama wengine. Yule ana mtoto mmoja, na hana pengine pa kumpatia. Akikuta imekatika atajua nimemnyima. Na watu wale ukiwanyima hawarudi kuuliza."

Siku mbili alikataa. Ya tatu, Ijumaa, watu walipotoka msikitini, akakubali kwa sharti moja: neno jipya lianze kwa mzee. Nestori akabonyeza anavyojua, akamnong'oneza neno, akaenda zake. Mtaa mzima ukakatika.

"Mama Bushra, umefunga bomba na ndoo yangu haijajaa," Mohamedi alilalamika.

"Subiri. Kuna wa kwanza kabla yako."

Alilirudiarudia lile neno kimoyomoyo asilisahau, kama mtoto aliyetumwa dukani. Kila kengele ya baiskeli ikilia, anachungulia. Kisha wakaingia wanawake wa sare ya harusi, huyu anataka kitenge cha bluu, yule anasema bluu ni ya msiba, na katikati ya kelele hizo akasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani.

Aliacha mkasi katikati ya kitambaa, akatoka mbio na ndala moja mguuni. Alishayapanga na maneno: baba, usidhani nimekunyima.

Mzee alikuwa keshaketi kwenye benchi, simu sikioni, anacheka.

"Ndiyo, yule mweupe. Yule uliyempa jina wewe. Naye sasa ana ndama wake." Alipomwona Mwamvita akasogea, akampisha nafasi. "Mama yako wa mjini huyu hapa." Akasikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Anakusalimia, mayu."

Mwamvita alisimama pale, neno jipya lingali mdomoni mwake, halijaingia kwenye simu ya mtu yeyote.

"Mwambie nimeitikia," alisema.

Akaketi kando yake. Wanawake wa harusi wakamwita, hakwenda. Mzee akaendelea, sauti ikipungua pole pole, mpaka kile kichwa chake kilichonyolewa kama cha mfiwa kikaegemea ukuta, akalala, simu ikiwa bado sikioni.