Mlango wa Kwenye Skrini

Msellem alitengeneza kitabu cha kidijitali kisichohitaji intaneti: ukigusa mlango kwenye skrini ya makumbusho, unafunguka, unaingia nyumba ya kale chumba kwa chumba. Asubuhi ya uzinduzi mkurugenzi alimwambia, "Watu wasipoitumia skrini hii leo, jioni inarudi ilikotoka, na wewe nyuma yake."

Mgeni wa kwanza alikuwa Bi Sikudhani, muuza vitumbua. Alisimama mbele ya skrini, akajitanda kanga vizuri.

"Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

"Gusa tu mlango, bibi," Msellem akanong'ona.

"Niguse mlango wa watu sijakaribishwa? Kwenu hawakukufunza?"

Akapiga hodi ya tatu, kisha akageuka kwenda zake, maana hodi tatu zisipojibiwa, mtu mwenye adabu hurudi kwake. Foleni nzima iliyokuwa nyuma yake ikageuka naye.

Jasho likamtoka Msellem. Akajibanza nyuma ya skrini, akabana sauti kama mama mwenye nyumba: "Karibu! Karibuni ndani!"

"Kumbe wenyewe wapo," akasema Bi Sikudhani. Akavua ndara, akagusa mlango, ukafunguka.

Kufikia adhuhuri viatu vilikuwa vimejaa mbele ya skrini, na Msellem, sauti imemkauka kwa kukaribisha wageni, hakuthubutu kutoka. Ndipo akaisikia sauti ya mkurugenzi, kwa upole asiouzoea:

"Hodi hapa?"

Kikafuata kishindo cha kiatu kikivuliwa, halafu cha pili.